Kasi, Nguvu na Nishati: Kurekebisha Prosesa kwa Ajili ya Michezo Mahali Penye Umeme wa Jua

Neno "nguvu" lina kazi nyingi katika Kiswahili. Twalitumia kwa msuli wa mtu, kwa mamlaka ya serikali, kwa ukali wa dawa na kwa umeme upitao katika waya. Wala msikilizaji hapotei, kwa kuwa mazungumzo yenyewe hulipa neno maana yake. Lakini kompyuta ilipoingia katika nyumba zetu, neno hili lilitwikwa mzigo mwingine, nao umekuwa mzito mno. Kijana akiona mchezo wake unakwama katika kioo, husema, "Mashine haina nguvu." Betri ikiisha kabla ya wakati, husema maneno yale yale. Mashine ikizimika kwa sababu ya joto, husema vile vile. Fundi naye akiulizwa, aghalabu hujibu kwamba yafaa kununua mashine "yenye nguvu zaidi." Hivyo mambo matatu yaliyo mbalimbali hupewa jina moja, na maradhi yote hutolewa dawa moja, nayo ni dawa ya bei kubwa.

Makala haya yana nia ya kuyatenganisha mambo hayo. Yataeleza jinsi prosesa ya kompyuta ijibanavyo ili itumie umeme kidogo, kwa sababu gani kujibana huko huharibu michezo, na jinsi mwenye mashine awezavyo kuubadili mpango huo kwa manufaa yake. Na kwa kuwa hesabu ya umeme haina maana pasipo kujua umeme watoka wapi, tumechagua mahali pamoja pa kuipimia, yaani Endulen, katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Endulen imo ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, ambamo wafugaji na wanyama wa porini hutumia nchi moja. Tumfikirie kijana wa huko aliyepata kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, ambaye nyumbani kwao taa, simu na kompyuta vyote vyategemea bamba moja la jua lililo juu ya bati. Kwake yeye kila wati ina mwenyewe, na swali la kasi ya mchezo ni swali la nani atakaa gizani.

I. MAMBO MATATU NA MAJINA YAKE

Tuanze kwa mfano ulio karibu na maisha ya wafugaji. Pana tangi la maji, pana bomba, na pana birika la kunyweshea ng'ombe. Maji yote yaliyomo katika tangi ni akiba. Maji yatokayo bombani kwa kila dakika ni kiasi cha matumizi. Idadi ya ng'ombe wanaomaliza kunywa kwa saa moja ni matokeo ya kazi. Mambo haya yahusiana, lakini si jambo moja. Mtu aweza kuwa na tangi lililojaa na bomba jembamba. Aweza pia kufungua bomba kwa ukali hata maji yakamwagika pembeni, asinyweshe ng'ombe wengi zaidi kwa kadiri ya maji aliyoyapoteza.

Katika kompyuta, akiba ile ndiyo nishati, nayo hupimwa kwa wati-saa. Matumizi ya kila wakati ndiyo nguvu, nayo hupimwa kwa wati. Kompyuta inayotumia wati 30 kwa muda wa saa mbili imekula nishati ya wati-saa 60. Matokeo ya kazi yategemea kasi. Prosesa, ambayo ndiyo sehemu ifanyayo hesabu zote, huenda kwa mapigo kama moyo. Pigo moja kwa sekunde huitwa hezi moja, na gigahezi moja ni mapigo 1,000,000,000 kwa sekunde. Prosesa ya kwanza iliyouzwa ikiwa katika kipande kimoja, Intel 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300 na ilipiga mapigo yasiyozidi 740,000 kwa sekunde. Prosesa za leo zina mabilioni ya transista, na nyingi hupita gigahezi 3.

II. JINSI PROSESA IJIBANAVYO

Kila transista ibadilishapo hali yake, kutoka kufunga hadi kufungua, hula umeme kidogo, na umeme huo hugeuka kuwa joto. Basi nguvu inayotumiwa na prosesa huongezeka kwa mambo mawili makubwa: wingi wa mapigo, na ukubwa wa volti inayosukuma umeme. Lakini mambo haya mawili hayana uzito ulio sawa. Mapigo yakizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara mbili. Volti ikizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne, kwa kuwa volti huzidishwa kwa volti. Tena mapigo ya haraka huhitaji volti kubwa, la sivyo transista hazitabadilika kwa wakati. Kwa hiyo anayeongeza kasi hulipa mara mbili: hulipia mapigo, na hulipia volti inayoyawezesha.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapo ndipo ilipo faida ya kujibana. Mwezi wa Januari 2000 kampuni ya Intel ilitoa prosesa za kompyuta za mkononi zilizoweza kubadili kasi yake zenyewe. Moja kati yake ilikwenda kwa mapigo milioni 650 kwa sekunde ikiwa imeunganishwa na umeme wa ukutani, na kwa mapigo milioni 500 ikiwa inatumia betri. Na volti yake ikashuka kutoka 1.6 hadi 1.35. Msomaji akifanya hesabu ataona kwamba kasi ilipungua kwa asilimia 23 tu, lakini nguvu ilipungua kwa kadiri ya asilimia 45. Kwa kupunguza mwendo kidogo, karibu nusu ya gharama iliondoka.

Utaratibu wa kuziwezesha programu kuu za kompyuta kutoa amri za namna hii ulikuwa umekwisha kuandikwa mwezi wa Desemba 1996 na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba. Tangu hapo prosesa imekuwa na njia mbili za kuweka akiba. Ya kwanza ni kupunguza mwendo, kama tulivyoeleza. Ya pili ni kusinzia: sehemu zisizo na kazi huzimwa kwa kitambo kidogo sana, kisha huamshwa kazi inapokuja. Kadhalika, tangu mwaka 2008 prosesa nyingi za Intel zimekuwa na njia ya tatu iliyo kinyume cha hizo mbili. Ikiwa joto bado ni dogo, prosesa hujiruhusu kupita kasi yake ya kawaida kwa muda, ifanye kazi kwa mkupuo, kisha irudi chini. Mkupuo huo hufaa sana, lakini ndio mwendo unaokula umeme mwingi kuliko mwendo wowote mwingine.

III. KWA SABABU GANI MCHEZO HUKWAMA

Dereva atokaye Karatu kwenda Endulen hupita lango la Lodoare, akapanda mlima mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Gari lake hubadili gia mara kwa mara. Dereva mzoefu huuona mlima kabla ya kuufikia, naye hubadili gia mapema. Dereva mgeni hungoja mpaka gari lilie ndipo abadili, na kwa kitambo hicho gari hupoteza mwendo. Mpango wa kuweka akiba katika kompyuta unafanana na dereva huyu wa pili: hauoni mlima ulio mbele, bali hutazama kazi iliyokwisha kupita, ukakisia kwamba ijayo itakuwa kama hiyo.

Katika kuandika barua au kusoma gazeti, kosa la kukisia halionekani. Katika mchezo huonekana mara moja. Mchezo mwingi wa kompyuta hutoa picha 60 kwa kila sekunde ili jicho lione mwendo ulio laini. Maana yake ni kwamba kila picha ina muda wa sehemu 16.7 za elfu ya sekunde, haina zaidi. Tuseme kwamba katika uwanja wa mpira ulio mtulivu prosesa humaliza kazi ya picha moja kwa sehemu 6 za elfu, kisha hungoja. Mpango wa akiba huona kwamba prosesa imekaa bure zaidi ya nusu ya wakati, nao huamuru kasi ishushwe hadi nusu. Kazi ile ya sehemu 6 sasa huchukua 12, na bado yafaa. Mchezaji haoni tofauti yoyote. Ghafula wachezaji wote wakusanyika mbele ya goli, na kazi ya picha moja ikapanda. Lau prosesa ingekuwa katika kasi kamili, ingeimaliza kwa sehemu 10. Kwa kuwa imo katika nusu ya kasi, inahitaji sehemu 20, na wakati ulioruhusiwa ni 16.7. Picha inachelewa. Kabla mpango haujatambua na kupandisha kasi, picha kadhaa zimekwisha kupotea, na mpira umekwisha kuingia wavuni.

Basi hapa pana jambo la kulishika. Mashine hiyo haikushindwa. Ilikuwa na kasi ya kutosha, lakini ilikuwa imeamriwa isiitumie, na amri ya kuiachilia ilichelewa. Mtu atakayeiuza kwa bei ya kutupa na kununua nyingine atakuwa amelipa fedha nyingi kwa kosa la amri. Vijana wa mijini husema mashine kama hiyo "inastaki" au "inaganda," na maneno hayo hueleza vizuri kile kinachoonekana. Lakini hayasemi kilichosababisha, nasi tutaona kwamba sababu si moja.

IV. HESABU YA JUA

Mtu wa mjini aliye na umeme wa gridi aweza kuiambia prosesa iende kasi siku zote, akalipa kidogo zaidi mwisho wa mwezi. Kijana wetu wa Endulen hana njia hiyo. Tufanye hesabu yake kwa mfano ulio mwepesi.

Bamba la jua la wati 100, likipata jua kali la kadiri ya saa tano, hutoa wati-saa 500. Baada ya hasara za joto la bamba, za waya na za betri, tuseme zabaki 400. Taa tano za wati 5 zikiwaka saa tano kila usiku hula 125. Simu za nyumbani na za jirani aliyekuja kuomba kuchaji zile 55. Zabaki 220. Kompyuta haiunganishwi na betri moja kwa moja bali kwa inveta, ambayo hula kadiri ya asilimia 15 kwa kazi yake ya kugeuza umeme. Hivyo zinazofika katika kompyuta ni kama 187. Kompyuta ikicheza kwa wati 60, kijana ana saa tatu za mchezo. Ikicheza kwa wati 30, ana saa sita.

Lakini siku zote si sawa. Nyanda za juu za Ngorongoro huwa na ukungu, na kuna siku ambazo bamba hutoa nusu tu ya pato lake. Siku hiyo pato ni 200. Taa na simu zakula 180. Zabaki 20, ambazo kwa wati 60 hazifiki hata dakika 20 za mchezo. Akiendelea kucheza, anachokula si pato la siku bali akiba ya betri, na betri ya risasi inayokaushwa mara kwa mara hufa upesi. Hapo mchezo wa kijana umekula taa ya mdogo wake anayejiandaa kwa mtihani, tena taa ya kesho na ya mwezi ujao.

Kuna mambo mengine mawili ya nchi ile yanayoigusa prosesa. La kwanza ni hewa. Katika mwinuko wa mita 1,800 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika sita, na hewa nyepesi huchukua joto kidogo kila feni inapoisukuma. Baridi ya huko hulipa sehemu ya hasara hiyo, hasa usiku, hata huenda mashine ya Endulen ikapata nafuu kuliko ndugu yake wa Dar es Salaam aliye katika joto la Februari. La pili ni vumbi. Udongo wa sehemu zile una majivu mengi ya volkano ya zamani. Karibu na Endulen, mahali paitwapo Laetoli, ndipo kikundi cha Mary Leakey kilipogundua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, zilizohifadhiwa katika majivu yaliyogeuka jiwe miaka kama 3,600,000 iliyopita. Vumbi la nchi ya namna hiyo ni laini mno. Wakati wa kiangazi huingia katika tundu la feni na kujaa katikati ya mapezi ya shaba yanayopoza prosesa, likawa kama blanketi.

V. KUTAFUTA SABABU KABLA YA KUREKEBISHA

Mganga hapimi dawa kabla ya kupima mgonjwa. Mwenye kompyuta naye afungue programu ionyeshayo kasi ya prosesa na joto lake, acheze kwa dakika 15, kisha atazame hesabu hizo wakati mchezo unapokwama. Ataona moja ya hali tatu.

Hali ya kwanza: kasi imeshuka, na joto ni dogo. Hapa sababu ni amri ya mpango wa akiba, au ni chaja. Chaja yafaa kutazamwa kwanza. Kompyuta iliyotengenezwa kwa chaja ya wati 65, ikipewa ya wati 45, nyingi hujibana zenyewe ili zisiilemee. Na chaja zisizo za asili mara nyingine hazitambuliwi kabisa, mashine ikabaki katika mwendo wa chini hata mwenyewe abadili mipango yote. Chaja ikiwa ni sahihi, basi ni mpango, nao hurekebishika pasipo gharama.

Hali ya pili: kasi imeshuka, na joto limekaribia nyuzi 100. Hapa prosesa yajibana ili isiungue, na kuiamuru iende kasi ni kumchapa punda aliyeanguka. Dawa yake ni kuizima mashine, kuifungua, kuondoa vumbi kwa brashi laini, na ikiwa ni ya miaka mingi, kumwomba fundi abadili ule uji mzito uliopakwa kati ya prosesa na shaba. Kadhalika mashine isiwekwe juu ya kitanda au shuka wakati wa mchezo, maana nguo huziba tundu la hewa chini yake.

Hali ya tatu: kasi ni kamili, joto ni la kadiri, na mchezo bado unakwama. Hapa prosesa haina hatia. Huenda sehemu ichorayo picha imezidiwa, au kumbukumbu ni ndogo. Hakuna mpango wa prosesa utakaosaidia, na aliye katika hali hii apunguze ukubwa wa picha na mapambo ya mchezo.

VI. MAREKEBISHO YENYEWE

Katika Windows, mipango ya umeme huwa kwa kawaida mitatu: wa kuweka akiba, wa kadiri, na wa utendaji wa juu, ijapokuwa baadhi ya mashine mpya huonyesha chaguo chache tu. Tangu toleo la Vista la mwaka 2007, ndani ya mipango hiyo mna hesabu mbili za prosesa, yaani kiwango cha chini na kiwango cha juu, kwa asilimia. Mpango wa kadiri huwa aghalabu na asilimia 5 chini na 100 juu. Kila hesabu ina nafasi mbili: moja ya wakati mashine iko katika betri yake, na nyingine ya wakati iko katika chaja. Katika Linux, kazi hii hufanywa na wasimamizi walio ndani ya programu kuu. Yuko anayeshikilia kasi juu, yuko anayependelea mwendo wa chini, na yuko anayefuata wingi wa kazi.

Mwenye mashine kwanza aandike katika daftari hesabu alizozikuta, ili aweze kurudi. Kisha aunde mpango mpya kwa ajili ya mchezo peke yake, wala asiuharibu ule wa kila siku. Katika mpango huo apandishe kiwango cha chini kwa upande wa chaja tu, kwa mfano kutoka 5 hadi 50, acheze, atazame. Ikiwa kukwama kumekwisha, hana haja ya kufika 100. Akimaliza kucheza, aurudishe mpango wa kadiri, ili prosesa isinzie tena wakati wa kusoma.

Kwa upande wa kiwango cha juu, liko jambo litakalowashangaza wengi. Katika mashine nyingi, kukishusha kutoka 100 hadi 99 huzuia ule mkupuo tuliouelezea. Mtu atadhani kwamba kufanya hivyo ni kuuharibu mchezo. Lakini mara nyingine mchezo huwa mzuri zaidi. Sababu yake ni kwamba katika kompyuta nyembamba, prosesa na sehemu ichorayo picha hukaa katika kipande kimoja na kugawana posho moja ya nguvu, ambayo katika nyingi ni wati 15 tu. Prosesa ikijitwalia posho yote kwa mkupuo wake, mchoraji hubaki na njaa. Ikizuiwa, mchoraji hushiba, joto hushuka, na picha hutoka kwa wakati wake. Jambo hili halina hakika kwa kila mashine wala kwa kila mchezo. Lakini kulijaribu ni kazi ya dakika moja, na kulitengua ni vivyo hivyo.

Dawa ya mwisho ndiyo inayomfaa zaidi mtu wa umeme wa jua, nayo imo ndani ya michezo mingi yenyewe: kuweka kikomo cha picha. Mchezo ukiachwa huru huenda ukatoa picha 90 kwa sekunde mahali patulivu, ukala umeme kwa ajili ya picha ambazo kioo cha picha 60 hakiwezi kuzionyesha. Ukiwekewa kikomo cha 60, hasara hiyo huondoka. Ukiwekewa 30, kila picha hupata sehemu 33 za elfu ya sekunde badala ya 16.7, na ile kazi ya mbele ya goli iliyohitaji sehemu 20 humalizika na wakati ukabaki. Mwendo hautakuwa laini kama ule wa 60, lakini utakuwa sawasawa, na jicho huchukizwa na mwendo unaokatika kuliko na mwendo wa polepole usiokatika.

Tena si kila mchezo hudai kasi. Bao, au ule mchezo wa mashimo ambao Wamasai huuita enkeshui, ukitiwa katika kompyuta huweza kuchezwa katika mpango wa akiba pasipo mchezaji kuona tofauti, kwa kuwa mashine hungoja mtu afikiri, na kufikiri kwa mtu hakupimwi kwa elfu za sekunde. Mpira, mbio za magari na vita ndiyo michezo inayodai. Basi katika siku ya ukungu mwenye busara hubadili mchezo kabla ya kubadili mpango.

VII. MANENO YANAYOPENDEKEZWA

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, ulionyesha kwamba amri za kompyuta zaweza kusemwa kwa lugha yetu. Kazi iliyobaki ni ya kueleza yanayotendeka ndani ya mashine, ambako amri moja ikieleweka vibaya huleta gharama. Kwa kazi hiyo makala haya yametumia maneno machache, ambayo yawekwe mbele ya wasomaji wayapime. Kasi: wingi wa mapigo ya prosesa kwa sekunde. Nguvu: umeme uliwao kwa wakati ule, kwa wati. Nishati: jumla ya umeme, kwa wati-saa. Kujibana: prosesa kushusha kasi yake, kukiwa na aina mbili, kujibana kwa mpango na kujibana kwa joto. Kusinzia: kuzimwa kwa kitambo kwa sehemu zisizo na kazi. Mkupuo: mwendo wa muda upitao kasi ya kawaida. Kikomo cha picha: idadi ya picha kwa sekunde ambayo mchezo hauruhusiwi kuipita.

Maneno haya karibu yote yalikuwamo katika lugha. Tulichofanya ni kuyapa mipaka. Na faida ya mipaka hiyo yaonekana kwa kijana yule yule wa Endulen. Akisema, "Mashine haina nguvu," fundi atamwuzia mashine. Akisema, "Inajibana kwa joto," atapewa brashi. Akisema, "Inajibana kwa mpango," ataufungua mpango na kubadili hesabu moja. Na akisema, "Kasi ninayo, bali nishati imekwisha," atazima kompyuta, aache taa iwake.